Fahamu kwa nini ndege ndogo husubiri kabla ya kuruka Zanzibar

Na Mwandishi Wetu, Zanzibar

Abiria anayeondoka kwa ndege ndogo katika Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Abeid Amani Karume, Zanzibar, mara nyingine huona ndege yake ikisimama kando ya barabara ya kurukia ilhali barabara yenyewe ni tupu. Wapo wanaodhani ni uzembe. Mara nyingi, dakika hizo hutolewa kwa makusudi na waongoza ndege.

Uwanja huo una barabara moja tu ya kuruka na kutua, yenye urefu wa takriban kilomita 3, iliyolala kaskazini hadi kusini. Ndege huruka na kutua zikiukabili upepo. Hivyo pepo zilezile za kaskazi na kusi zilizoongoza majahazi ndizo zinazochangia kuamua ndege ielekee upande gani. Kwa kawaida, ndege inayokaribia kutua hupewa nafasi kwanza, na inayotaka kuruka husubiri.

Hata hivyo, sababu isiyofahamika sana ni hewa yenyewe. Ndege kubwa inapopita huacha nyuma ya mabawa yake mizunguko ya hewa isiyoonekana kwa macho, yenye nguvu ya kuipindua ndege ndogo. Zanzibar suala hili lina uzito wa pekee, kwa kuwa ndege za abiria wasiozidi 15 ziendazo Pemba na Dar es Salaam hutumia barabara moja na ndege kubwa zinazoleta watalii kutoka Ulaya.

Kwa mujibu wa taratibu za Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ndege yenye uzito usiozidi tani 7 inayoruka nyuma ya ndege ya tani 136 au zaidi hutenganishwa nayo kwa dakika 2. Ikianzia katikati ya barabara badala ya mwanzoni, muda huongezwa kuwa dakika 3. Wakati wa kutua, nafasi ni dakika 3, au maili 6 za baharini pale rada inapotumika.

Rubani haingii barabarani bila kibali cha mnara, na hulazimika kukirudia kibali hicho kwa sauti ili mwongozaji athibitishe kuwa amesikika sawasawa. Kwa kuwa usafiri wa anga ni jambo la Muungano, huduma hiyo hutolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, wakati uwanja wenyewe husimamiwa na Mamlaka ya Viwanja vya Ndege Zanzibar.

Kwa anayewasili, ndege yaweza kushuka hadi karibu na ardhi kisha ikapaa tena ghafla. Jambo hilo hutisha, lakini ni utaratibu wa kawaida: ikiwa barabara haijawa wazi, mwongozaji humwamuru rubani apae, azunguke na kurudi kwenye foleni.