Barua Imeingia: Kihisi Kisicho na Waya Ndani ya Sanduku la Posta

Kihisi cha barua ni kifaa kidogo kinachowekwa ndani ya sanduku la barua ili kimjulishe mwenye sanduku, popote alipo, kwamba kuna kitu kimeingia. Hakisomi barua wala hakijui imetoka wapi. Kinajua tu kwamba mfuniko umefunguliwa, au kwamba mahali palipokuwa patupu sasa pana kitu, na habari hiyo huirusha hewani kwa mawimbi ya redio hadi kwenye kipokezi au simu. Faida yake ni moja tu: huokoa safari ya bure. Kwa mtu ambaye sanduku lake liko getini, kifaa hiki ni anasa. Kwa mkazi wa Kinyangiri, katika Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, ambaye barua yake inaweza kumsubiri Kiomboi au Singida mjini, safari ya bure ina maana ya nauli na siku nzima ya kazi iliyopotea.

Wazo lenyewe lilizaliwa kwingine, kwenye nchi ambazo tarishi hupeleka barua hadi kwenye makazi ya watu. Marekani ilianza kupeleka barua vijijini bila malipo ya ziada mwaka 1896, na masanduku yakasimikwa kando ya barabara, mara nyingine mbali kabisa na nyumba. Mwaka 1915 mhandisi wa posta aliyeitwa Roy Joroleman alisanifu sanduku la bati lenye mgongo wa mviringo na kibendera chekundu ubavuni, lile ambalo wengi wamelizoea katika filamu. Kibendera hicho kilimwambia tarishi kwamba kuna barua ya kuchukua. Mwenye nyumba aliyetaka kujua kama ameletewa barua alilazimika kutoka na kwenda kuchungulia. Pengo hilo ndilo ambalo mafundi wa vifaa vya elektroniki wa zama hizi wameliziba kwa kihisi.

Aina iliyo nyepesi zaidi hutumia swichi ya sumaku. Ndani ya kichupa cha kioo kisichozidi ukubwa wa njiti ya kiberiti kuna vibati viwili vyembamba vilivyoachana kidogo sana. Sumaku ikisogezwa karibu, vibati hugusana na umeme hupita; ikiondolewa, huachana. Swichi hii ilibuniwa mwaka 1936 na Walter Ellwood katika maabara ya simu ya Bell huko Marekani, na mpaka leo ndiyo inayotumika kwenye kengele nyingi za kuzuia wezi milangoni. Kwenye sanduku la barua, sumaku hubandikwa kwenye mfuniko na kichupa hubandikwa kwenye fremu. Mfuniko ukiinuliwa, mkondo wa umeme hukatika, chipu iliyokuwa imelala huamka, hutuma ujumbe mfupi kwa redio na kulala tena.

Kulala huko ndiko kunakolibeba jambo zima. Betri ya duara inayotumika kwenye ubao wa mama wa kompyuta, aina ya CR2032, ina takriban miliampea-saa 220. Chipu ikiwa macho muda wote na kula miliampea 20, betri hiyo haitafika hata nusu siku: saa 11 tu. Chipu hiyohiyo ikilala kwa kula sehemu 10 za milioni ya ampea, hesabu inatoa saa 22,000, yaani zaidi ya miaka miwili. Kwa hiyo fundi stadi huanza kwa kuuliza kifaa kitakuwa kimelala kwa muda gani. Suala la jinsi kitakavyotuma ujumbe hufuata baadaye.

Hadi hapo kila kitu kinaonekana rahisi, na kwa sanduku la Marekani ni rahisi kweli. Tanzania mambo yana sura nyingine. Anwani iliyozoeleka ni S.L.P., Sanduku la Posta, na sanduku hilo liko katika jengo la posta, limepangwa pamoja na mengine mamia kwenye ukuta wa visanduku vya chuma vyenye namba. Mpangaji hulipia kila mwaka na kupewa ufunguo. Shirika la Posta Tanzania, lililoanza kazi mwaka 1994 baada ya lile shirika la pamoja la posta na simu kugawanywa, liliurithi mpangilio huu, na vijiji vingi viliufuata kwa njia ya mzunguko: sanduku ni la shule, la kanisa au la idara fulani, na wakazi wengine huazima namba yake. Barua ya mwanakijiji huandikwa jina lake, kisha "kwa mkono wa mwalimu mkuu", kisha S.L.P. ya shule. Mwenye ufunguo akienda mjini kwa shughuli zake, hurudi na barua za watu wengi.

Sasa swichi ya sumaku iwekwe kwenye sanduku la namna hiyo. Mlango wenye kitasa uko mbele, upande wa mteja. Karani wa posta yuko nyuma ya ukuta, na upande wake masanduku yako wazi. Hutumbukiza barua kwa mkono bila kugusa mlango wowote. Matokeo yake swichi itakaa kimya barua zikiingia, kisha itapiga kelele siku mwenyewe anapofungua sanduku kwa ufunguo wake, yaani itamjulisha jambo ambalo macho yake yanaliona tayari. Mwongozo wa kigeni ukinakiliwa kama ulivyo, huzaa kifaa kisicho na maana.

Kihisi cha S.L.P. lazima kiangalie ndani. Njia moja ni mwale wa infraredi, mwanga usioonekana kwa macho kama ule wa rimoti ya televisheni. Taa ndogo hukaa upande mmoja wa kisanduku na jicho la kupokea hukaa upande wa pili. Bahasha ikilala katikati, mwale hukatika. Taa haina haja ya kuwaka muda wote. Inatosha imweke kwa sehemu ya sekunde kila baada ya dakika 10, na betri itadumu. Tatizo ni bahasha yenyewe: ikiegemea ukutani inaweza kuukwepa mwale, ndiyo maana miale miwili iliyopishana ni salama zaidi kuliko mmoja. Njia nyingine ni mizani. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5, hivyo barua ya ukurasa mmoja na bahasha yake haizidi hapo sana. Mizani ya kielektroniki inaweza kuuhisi uzito huo, ila joto la mchana na baridi ya usiku huyumbisha vipimo vyake kwa kiasi kinachokaribiana na uzito wa barua yenyewe. Mwale unaaminika zaidi.

Baada ya kuhisi kuna kusema, na chuma si rafiki wa redio. Kisanduku kilichozungukwa na chuma pande tano huyafunga mawimbi ndani, kwa hiyo antena inapaswa kutokeza upande wa nyuma, ule ulio wazi. Kuweka simu kamili ndani ya kila kisanduku hakufai pia. Moduli ya simu ya GSM hudai hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi inapotuma, kiasi ambacho betri ya duara haiwezi kukitoa hata kidogo. Mpangilio wenye akili ni wa pamoja: kila kisanduku kiwe na redio hafifu, mathalani ya megahezi 433, inayofika mita chache tu, na nyuma ya ukuta kuwe na kipokezi kimoja kilichochomekwa kwenye umeme, ambacho hukusanya taarifa za masanduku yote na kumtumia kila mteja meseji. Hilo haliwezi kufanywa na mteja peke yake kwa siri, kwa kuwa sanduku ni mali ya posta na yeye ni mpangaji tu.

Hapo ndipo linapojitokeza swali ambalo wapenzi wa vihisi huliruka: kama posta yenyewe imeshiriki, kihisi ni cha nini? Karani aliyeishika barua mkononi anajua imefika kabla ya mwale wowote kukatika. Kwa barua za rejista, vifurushi na EMS (huduma ya posta ya haraka), ujuzi huo tayari umewekewa utaratibu. Kila kimoja hupewa namba yenye herufi na tarakimu 13 kwa kanuni ya Umoja wa Posta Duniani: herufi mbili za aina ya huduma, tarakimu tisa, kisha herufi mbili za nchi. Namba kama RR123456785TZ ina kinga yake ndani. Tarakimu nane za kwanza huzidishwa kwa 8, 6, 4, 2, 3, 5, 9 na 7 kwa mfuatano huo, na majibu hujumlishwa. Hapa jumla ni 204. Ikigawanywa kwa 11 hubaki 6, na 11 kutoa 6 ni 5, ambayo ndiyo tarakimu ya tisa. Karani akikosea kuandika tarakimu moja, mara nyingi hesabu hukataa. Mistari ya bakodi ikisomwa kwa mashine, taarifa huingia kwenye mfumo, na kutoka hapo kumtumia mteja meseji ni kazi ndogo.

Kenya ilitangulia kulifanya jambo hilo kuwa biashara. Huduma ya MPost, iliyoanzishwa na Abdulaziz Omar na wenzake kwa kushirikiana na posta ya nchi hiyo, ilifika sokoni mwaka 2016. Namba ya simu ya mteja hugeuzwa kuwa anwani yake, na barua ikifika, mteja hupata meseji. Tanzania ina Posta Kiganjani, iliyojengwa juu ya wazo hilohilo la kuifanya namba ya simu kuwa sanduku. Umoja wa Posta Duniani nao hutumia redio kwa njia yake: tangu mwaka 2009 umekuwa ukituma barua za majaribio zenye chipu nyembamba isiyo na betri, ambayo huitika inapopita kwenye antena ya ofisi ya posta. Lengo ni kupima kasi ya posta za nchi mbalimbali, na mpokeaji wa kawaida hapati taarifa yoyote kutokana nazo.

Nje ya posta kuna mfumo ambao haukuhitaji mhandisi. Mzigo unaopelekwa kwa basi huandikwa namba ya simu ya mpokeaji, na ofisi ya basi humpigia ukifika. Kwa Watanzania wengi hiyo ndiyo taarifa ya kuwasili wanayoiamini, na ukweli ni kwamba kwa kasi inazishinda programu nyingi.

Basi kihisi hubaki na eneo lake halisi katika sehemu mbili. Ya kwanza ni barua ya kawaida, ile ya stempu isiyo na namba, ambayo haisomwi na mashine wala haiingizwi kwenye mfumo wowote. Ya pili ni kipande cha mwisho cha njia, kutoka mahali barua zilipofikia kijijini hadi kwa mwenyewe. Mwaka 2022 serikali iliendesha Operesheni Anwani za Makazi, iliyozipa barabara majina na nyumba namba, ikiungana na postikodi ya tarakimu tano ambayo kwa mkoa wa Singida huanza na 43. Anwani ya nyumba ikishakuwepo, sanduku la pamoja katika ofisi ya kata au dukani linakuwa jambo linalowezekana. Sanduku hilo lina mfuniko unaoinuliwa na anayeleta barua, na hapo ile swichi ya mwaka 1936 inarudi kazini.

Katika kata ya vijijini nyumba zimetawanyika, na redio ya mita chache haitoshi. Teknolojia iitwayo LoRa inafaa zaidi: hutuma maneno machache polepole sana, lakini hufika kilomita kadhaa kwenye uwazi kwa nguvu ndogo ya betri. Singida ina tambarare zinazoisaidia na miamba ya mawe inayoizuia, hivyo kipokezi huwekwa juu, kwenye paa la shule au mnara wa kanisa. Upepo ni adui mwingine. Mkoa huu unajulikana kwa upepo wake, na mfuniko mwepesi unaopigapiga unaweza kutangaza barua 40 kwa usiku mmoja. Dawa yake ni springi ngumu kwenye bawaba, pamoja na programu inayopuuza mfuniko uliofunguka kwa chini ya sekunde moja. Vumbi halidhuru kichupa cha kioo. Mijusi na nyigu wanaojenga ndani ya sanduku hudhuru zaidi miale ya infraredi, na hiyo ni sababu nyingine ya kupendelea sumaku pale inapowezekana.

Unabaki upande wa sheria na wa laini ya simu. Masafa ya redio nchini husimamiwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kifaa cha kurusha mawimbi kinapaswa kukubalika kwake. Laini ya simu iliyo ndani ya kipokezi husajiliwa kwa alama za vidole za mtu, kwa hiyo ni lazima ajulikane mwenye dhamana nayo, iwe mtendaji, mwalimu au mwenye duka. Laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa na kampuni ya simu, na sanduku la kijijini linaweza kukaa wiki nyingi bila barua. Kwa sababu hiyo kifaa hupangwa kitume ujumbe mmoja kila wiki hata kama hakuna kilichoingia, kikitaja hali ya betri yake. Ujumbe huo, ukipitishwa na kipokezi kama meseji, huilinda laini isifungwe. Pia humwezesha msimamizi kutofautisha sanduku lisilo na barua na kihisi kilichokufa, kwa sababu bila ujumbe huo vyote viwili huwa kimya kwa namna moja.