Kusoma na kuandika si mzigo wa mwalimu wa lugha pekee

Katika majilisi ya walimu kuna lalama isiyochuja: wanafunzi hawaelewi maswali. Mwalimu wa Fizikia humgeukia mwenzake wa Kiswahili au wa Kiingereza akamuuliza, "Kwani nyinyi huwafunza nini hawa watoto?" Swali hilo husikika Kitale, husikika Bungoma, na limejengwa juu ya dhana potofu kwamba aliyejua kusoma anajua kusoma kila kitu.

Hebu tulitazame neno 'kazi'. Kijana aliyebeba gunia la mahindi la kilo 90 mgongoni, akasimama tuli kwenye foleni ya ghala mjini Kitale, ana kazi kwelikweli. Jasho linamtiririka. Mwanafizikia naye atakwambia kijana huyo hafanyi kazi yoyote juu ya gunia hilo maadamu kani yake haijalisogeza. Neno hili mwanafunzi alilijua tangu utotoni. Ndiyo maana halimshtui anapolikuta kitabuni, na ndiyo maana humpoteza. Hali kadhalika 'kipeo'. Katika fasihi ni kilele cha mgogoro, ilhali katika Hisabati kipeo cha pili cha 5 ni 25. Mwalimu wa lugha ataifafanua maana hii ya pili kumshinda mwalimu wa Hisabati?

Wakati mwingine tatizo si istilahi bali kineno kidogo tu. Bei ya gunia ikishuka kwa Sh500, mkulima wa Cherangany atanung'unika. Ikishuka hadi Sh500, atazirai. Maswali ya asilimia yamejaa vineno vya aina hii, na aghalabu mwanafunzi anayekosa amekokotoa sawasawa hesabu ambayo hakuulizwa. Katika Historia naye aliyeambiwa 'fafanua' huorodhesha hoja kana kwamba ameambiwa 'taja', kisha tunasema eti hakusoma.

Kuna na suala la lugha ya kufundishia, ambayo kuanzia Gredi ya 4 ni Kiingereza. Mtoto wa Bungoma aliyelelewa kwa Lubukusu au Kisabaoti, akacheza na wenzake kwa Kiswahili, husoma habari za mmeng'enyo wa chakula kwa lugha yake ya tatu. Mwalimu, kwa busara yake, huyarahisisha mambo kwa Kiswahili. Darasa zima huitikia, "Ndiyo, mwalimu!" Kisha wote huinama kunakili Kiingereza kilichoandikwa ubaoni. Yaliyoeleweka kwa mdomo hayafiki daftarini.

Mimi sioni kosa katika kuchanganya lugha darasani. Kosa ni kuishia hapo. Wanafunzi wapewe dakika 5 wajadiliane kwa lugha yoyote wanayoimudu, kisha kila mmoja aandike kwa Kiingereza sentensi 2 zake mwenyewe, ya pili ikiwa na neno lenye maana ya 'kwa sababu'. Mwalimu wa sayansi hana haja ya kusahihisha sarufi yote. Akague tu kama sababu iliyotajwa kweli inazaa tokeo hilo. Silabasi ni pana, najua. Lakini kunakili ubao mzima nako hula dakika.

Wala jambo hili si geni. Mwaka wa 1975 kamati ya Alan Bullock nchini Uingereza ilipendekeza kila shule iwe na sera ya lugha inayogusa masomo yote. Kwetu, Mtaala wa Umilisi (CBC) unataja mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa umilisi wake wa kimsingi. Tangu Sekondari Msingi ianze 2023, uhaba wa walimu umemlazimu mwalimu mmoja kufundisha masomo kadhaa. Ni adha, ila anayefundisha Kiswahili asubuhi na Kilimo alasiri hana wa kumtupia lawama.

Umri nao una mambo yake. Mtoto wa miaka 7 akikwama kusoma hulia au huuliza. Wa miaka 15 huficha: kalamu imekwisha wino, kitabu kimesahauliwa nyumbani, tumbo linauma. Kumsimamisha asome kwa sauti mbele ya wasichana na wavulana wenzake ni kumfukuza shule kwa njia ya adabu. Heri asome wawili wawili na jirani yake wa dawati.

Matini nazo hazihitaji bajeti. Kampuni ya Kenya Seed ina makao yake Kitale, na pakiti tupu za mbegu hazikosekani nyumbani msimu wa kupanda ukipita. Mwalimu wa Kilimo awaambie wanafunzi waje nazo. Wasome maelezo ya upanzi na ilani kwamba mbegu iliyotiwa dawa si chakula, kisha wamwandikie nyanya asiyejua Kiingereza maelezo hayo kwa Kiswahili. Karatasi hiyo moja isahihishwe na walimu wawili: wa Kilimo aangalie kama mahindi ya nyanya yataota, wa Kiswahili aangalie kama nyanya ataelewa.