Usingizi wa Mtoto Mchanga Baada ya Arobaini: Usiku wa Kilosa na Mikumi

Usingizi wa binadamu huongozwa na nguvu mbili, na sehemu kubwa ya ugumu wa usiku wa mtoto mchanga hutokana na ukweli kwamba nguvu hizo huzaliwa zikiwa changa kama yeye mwenyewe. Ya kwanza ni deni la usingizi, yaani uzito unaojilimbikiza katika ubongo kadiri mtu anavyokaa macho, huku kemikali iitwayo adenosini ikiongezeka, na unaopungua kadiri anavyolala. Ya pili ni saa ya mwili, yaani mpangilio wa ndani unaofuata nuru ya jua na giza, ambao jioni huiruhusu homoni ya melatonini kuingia katika damu na kuuandaa mwili kulala. Maelezo haya ya nguvu mbili yalitolewa na Alexander Borbély, mtafiti wa Zurich, mwaka 1982, na bado hayajapata mbadala ulio bora kwa mtu anayetaka kuelewa kwa nini mtoto wa miezi minne huamka saa 8 usiku akiwa mzima kabisa. Deni la usingizi la mtoto hujaa upesi mno, kiasi kwamba wiki za kwanza huchoka baada ya kukaa macho kwa muda wa saa moja hivi, ilhali saa yake ya mwili haianzi kushika majira mpaka mwezi wa pili au wa tatu. Kabla ya hapo mchana na usiku kwake ni kitu kimoja, naye hulala vipande vipande katika vyote viwili.

Usingizi wenyewe nao haufanani na wa mtu mzima. Mtu mzima huzama kwanza katika usingizi mzito, lakini mtoto mchanga huanzia kwenye usingizi mwepesi, ambao hutambulika kwa macho yanayotembea chini ya kope, pumzi isiyo na mwendo mmoja, midomo inayonyonya hewa na mikono inayorukaruka. Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman, walioueleza usingizi wa aina hii mwaka 1953 katika Chuo Kikuu cha Chicago, waliufikia baada ya Aserinsky kuanza kwa kuyatazama macho ya watoto wachanga waliolala. Karibu nusu ya usingizi wa mtoto aliyezaliwa karibuni huwa wa namna hiyo, na mzunguko mzima wa usingizi mwepesi na mzito humchukua muda usiofika saa moja au unaoizidi kidogo, ambapo mwishoni mwa kila mzunguko huja ukingoni mwa kuamka. Jambo hili lina manufaa ya moja kwa moja kwa mama, kwa kuwa mtoto anayeguna na kujinyonganyonga saa 7 usiku mara nyingi bado amelala, na akiinuliwa papo hapo ndipo anapoamshwa kweli. Kumsubiri dakika moja au mbili, mkono ukiwa kifuani pake, hutosha mara nyingi kumvusha hadi mzunguko unaofuata.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, limetaja saa 14 hadi 17 za usingizi kwa siku nzima kwa mtoto asiyefikisha miezi 4, saa 12 hadi 16 kwa mwenye miezi 4 hadi 11, na saa 11 hadi 14 kwa mwenye umri wa mwaka mmoja hadi miwili, usingizi wa mchana ukiwa umehesabiwa ndani yake. Mwongozo huo hausemi kwamba saa hizo lazima ziunganike. Utafiti uliofanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba kati ya watoto 388 wa miezi 6, takribani asilimia 38 hawakuwa wakilala hata saa 6 mfululizo, na walipofikisha mwaka mmoja asilimia 28 walikuwa bado hawajafikia hapo, wala haikuonekana kwamba kuamka huko kulichelewesha ukuaji wao. Kwa hiyo mama wa Kimamba au wa Ruhembe, wilayani Kilosa mkoani Morogoro, anayeambiwa na jirani kwamba mtoto wa mwenzake hulala mpaka kunakucha anapaswa kujua kwamba wa kwake hana kasoro, na kwamba yeye mwenyewe hajakosea malezi.

Kilosa na Mikumi zina neema moja ambayo familia za nchi za kaskazini hazina. Eneo hili liko kwenye nyuzi 7 hivi kusini mwa ikweta, ambako tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka haifiki saa moja, na jua huchomoza na kuzama karibu na saa 12 mwaka mzima. Saa ya mwili ya mtoto hufundishwa na nuru, na hapa mwalimu huyo hachelewi wala habadili ratiba. Mtoto anayetolewa barazani asubuhi, akaliona jua la saa 1 au saa 2 huku amevikwa kofia au akiwa kivulini, kisha jioni akawekwa penye mwanga hafifu, hupata mafunzo yote anayoyahitaji. Kinachovuruga mafunzo hayo siku hizi ni taa nyeupe ya sola iliyoning'inizwa juu ya kitanda na runinga inayowaka mpaka saa 5 usiku katika chumba kimoja cha kupanga, na dawa yake ni kuugeuzia mwanga ukutani au kuufunika kwa kanga, si kurudi kwenye kibatari, ambacho moshi wake huumiza kifua cha mtoto na moto wake ni hatari karibu na chandarua.

Shida kubwa zaidi ni joto. Nyumba iliyoezekwa kwa bati katika bonde la mto Mkondoa hulimeza jua mchana kutwa na kulitoa polepole usiku, na mtoto aliyevishwa sweta, soksi na kofia ya sufu kisha akafunikwa blanketi hutokwa jasho, huamka, hulia, na kilio hicho hupewa jina la chango. Kipimo rahisi ni kumgusa shingoni kwa nyuma: pakiwa na jasho, nguo moja ivuliwe. Kelele, kwa upande wake, hazina uzito unaodhaniwa. Malori ya Zambia yanayonguruma usiku kucha katika mji wa Mikumi ni mlio usiokatika, na mtoto huuzoea. Kinachomshtua ni sauti ya ghafla, kama honi ya basi mbele ya mlango au mlango wa bati unaobamizwa.

Usingizi wa mchana hustahili maelezo marefu zaidi, kwa sababu ndio unaowachanganya wazazi kuliko wa usiku. Mtoto wa miezi mitatu hulala mchana mara nne au tano bila mpango. Kati ya miezi 6 na 9 nyakati hizo hupungua hadi mbili, moja asubuhi na nyingine baada ya chakula cha mchana. Na kati ya miezi 12 na 18 hubaki mmoja tu. Mabadiliko hayo hayatokei kwa siku moja. Kwa majuma kadhaa mtoto huwa hatoshelezwi na usingizi mmoja wala haukubali wa pili, akilala asubuhi hukataa wa mchana, akikosa wa mchana hufika magharibi akiwa amechoka kupita kiasi, na mwili uliochoka hivyo humwaga homoni za msisimko zinazomfanya alale kwa shida na kuamka mara nyingi zaidi. Hapo ndipo wazazi wengi hufanya kosa la kumnyima usingizi wa mchana wakitumaini atalala usiku, na matokeo huwa kinyume. Lililo sahihi ni kumlaza mapema jioni ya siku hizo, hata saa 12 na nusu, na kuangalia tu kwamba usingizi wa mwisho wa mchana unakwisha saa mbili au tatu kabla ya kulala usiku. Dalili za kuangalia ni kufikicha macho, kuvuta sikio, kupiga miayo na kugeuza uso mbali na anayezungumza naye; kilio huja baadaye, wakati nafasi nzuri imekwisha kupita.

Wapo wanaodai kwamba usingizi wa mgongoni humharibu mtoto. Dai hilo halina msingi kwa mkulima wa mpunga au mama lishe, ambaye mbeleko ndiyo kitanda cha mchana cha mwanawe. Mwendo wa hatua na joto la mgongo wa mama humlaza mtoto vizuri, na usingizi huo hupunguza deni sawasawa na wa kitandani, mradi uso wa mtoto uwe wazi, pua isizibwe na kitambaa na kidevu kisilale kifuani. Msimu ndio unaoleta mtikisiko: wakati wa palizi mama huondoka alfajiri na mtoto hulala shambani, mavuno yakiisha hubaki nyumbani, na ratiba yake hugeuka bila yeye kuugua. Mtoto huhitaji siku kadhaa kuufuata mpangilio mpya, nao wakubwa wa nyumba wanapaswa kuzitarajia.

Kuhusu uji, ambao bibi wengi huuchanganya mwepesi na kumpa mtoto wa miezi mitatu ili ashibe na kulala, ukweli lazima usemwe wote. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018, uliofuatilia watoto zaidi ya 1,300, uliona kwamba walioanzishiwa chakula kuanzia miezi mitatu walilala zaidi kidogo, na faida hiyo ilipokuwa kubwa kuliko wakati wote, katika miezi 6, ilifika dakika 16 hivi kwa usiku. Robo saa ndiyo faida yote inayopatikana. Mahali ambapo maji ya kunywa hutoka kisimani au mtoni, na mvua za masika huchafua vyanzo hivyo, robo saa hailingani na hatari ya kuharisha, na ushauri wa Wizara ya Afya na wa Shirika la Afya Duniani unabaki palepale: maziwa ya mama pekee mpaka miezi 6. Hatari zaidi ni dawa za mafua na kikohozi zenye kuleta usingizi, zinazonunuliwa katika duka la dawa na kupewa mtoto ili anyamaze, kwani zinaweza kudidimiza pumzi yake.

Kunyonya usiku kuna kazi mbili ambazo hazitajwi vya kutosha. Homoni inayotengeneza maziwa huongezeka zaidi usiku, hivyo kunyonya saa hizo hulinda wingi wa maziwa ya siku inayofuata, na maziwa ya usiku hubeba melatonini ya mama, ambayo mtoto bado hajaweza kujitengenezea vya kutosha. Kazi ya pili ni ya uzazi wa mpango. Tangu makubaliano ya wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, mwaka 1988, inafahamika kwamba mama ambaye hajapata hedhi tangu ajifungue, anayenyonyesha maziwa yake pekee mtoto aliye chini ya miezi 6, analindwa asipate mimba kwa kiwango cha asilimia 98 hivi, ila kinga hiyo hudhoofika pindi vipindi kati ya kunyonya vinapozidi saa 4 mchana au saa 6 usiku. Mama anayejitahidi kumfanya mtoto wa miezi minne alale usiku kucha bila kunyonya anaweza kuipoteza kinga hiyo bila kujua.

Katika karibu nyumba zote za eneo hili mtoto hulala na mama yake, na mpangilio huo hurahisisha kunyonya. Lakini una masharti. Mtoto alazwe chali, kwenye godoro au mkeka usiobonyea, mbali na mito, ndani ya chandarua chenye dawa, na asilale kamwe pamoja na mtu aliyekunywa pombe au anayevuta sigara. Mtoto njiti alazwe kwenye sehemu yake, karibu na mama. Na katika wilaya yenye malaria, kulala kupita kawaida kunatisha kuliko kukesha. Mtoto mwenye homa, anayekataa kunyonya, anayepumua haraka, aliyepata degedege au asiyeamshika apelekwe usiku uleule kituo cha afya kilicho karibu, iwe Hospitali ya Wilaya ya Kilosa au Hospitali ya Mtakatifu Kizito mjini Mikumi, wala asisubirishwe kukuche.

Linabaki suala la mama mwenyewe. Desturi ya arobaini, ambayo humpumzisha mzazi siku 40 huku akipikiwa, akichemshiwa maji na kupokelewa mtoto, ni hazina kubwa, na miongoni mwa Wasagara, Wakaguru, Wavidunda na Waluguru, ambao kwa asili huhesabu ukoo upande wa mama, bibi mzaa mama alikuwa nguzo yake. Tatizo ni kalenda. Msaada huisha siku ya 40, na kwa aliyeajiriwa Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa siku 84 za likizo ya uzazi, yaani wiki 12 kamili, kisha muda usiozidi saa mbili kwa siku wa kunyonyesha akiwa kazini. Lakini usiku ulio mgumu huja baadaye: karibu mwezi wa nne, usingizi wa mtoto unapojipanga upya na kuamka kukaongezeka, na tena kati ya mwezi wa nane na wa kumi, anapoanza kutambaa na kuogopa kuachwa na mama. Mama hukutana na vipindi hivyo akiwa peke yake, amerudi shambani, sokoni au ofisini. Mama anayelia mara kwa mara, asiyelala hata mtoto anapolala, au anayehisi kwamba mtoto angekuwa salama zaidi bila yeye, ni mgonjwa anayehitaji kupelekwa kliniki, na haifai kuambiwa avumilie.

Nyumba iliyoweza kumpikia mzazi siku 40 inaweza pia, katika mwezi wa nne na wa tisa, kumpokea mtoto aliyekwisha kunyonya kuanzia saa 11 alfajiri mpaka saa 1 asubuhi, ili mama alale saa mbili bila kuamshwa. Kazi hiyo haihitaji maziwa wala elimu ya uuguzi, na baba anaiweza.