Wanaofanya Kazi na Bado ni Maskini: Soko la Kazi, Umaskini na Tofauti za Kipato katika Utafiti wa Gary Fields

Mwanzoni mwa mwaka 1964, miezi michache baada ya uhuru, serikali ya Kenya, waajiri na vyama vya wafanyakazi vilitia saini mapatano ya pande tatu. Waajiri binafsi waliahidi kuongeza wafanyakazi kwa asilimia 10 na serikali kwa asilimia 15; vyama navyo vilikubali kusitisha madai ya nyongeza ya mishahara. Tangazo lilipotoka, zaidi ya watu 200,000 walijitokeza kuandikishwa kuwa hawana kazi, na wengi wao walitoka mashambani, ambako hakuna aliyekuwa amewahi kuwahesabu miongoni mwa wasio na ajira. Nafasi mpya zilizopatikana zilikuwa chache mno kulinganisha na umati huo. Ahadi ya kupunguza tatizo ilikuwa imelipanua.

Tukio hilo lilihitaji maelezo, na maelezo yaliyopata umaarufu zaidi ni ya John Harris na Michael Todaro, wanauchumi waliowahi kufanya utafiti Nairobi, katika makala yao ya 1970. Hoja yao inaweza kufuatwa kwa hesabu ndogo ya kubuni. Tuseme mshahara wa mjini ni shilingi 400 na pato la shambani ni 200, na nafasi za kazi mjini ni 1,000. Mtu wa shambani halinganishi 200 na 400. Hulinganisha 200 na 400 mara uwezekano wa kuipata kazi hiyo. Watu wataendelea kuingia mjini mpaka wafike 2,000, kwa kuwa hapo uwezekano ni nusu na tarajio lao ni 200 vilevile. Watu 1,000 watabaki bila kazi. Serikali ikiongeza nafasi 100, mji utavuta watu 200, na wasio na kazi watafika 1,100. Lakini pato la shambani likipanda hadi 250 bila nafasi hata moja kuongezwa mjini, watu wa mjini watapungua hadi 1,600, na wasio na kazi watakuwa 600. Dawa ya ukosefu wa ajira wa mjini, kwa hesabu hii, huanzia shambani.

Gary Fields, mwanauchumi wa Marekani ambaye kwa miaka mingi amefundisha katika Chuo Kikuu cha Cornell, alianza kuuchunguza mtindo huo akiwa bado kijana, na Kenya ilikuwa mojawapo ya nchi alizozitumia katika kazi zake za awali kuhusu elimu na kipato. Katika makala yake ya 1975 aliuliza swali ambalo mtu yeyote aliyewahi kupita Gikomba angeliuliza: hao 1,000 wasio na kazi wanakula nini? Maskini hana akiba ya kumwezesha kukaa kutwa akisubiri barua ya ajira. Atachuuza mitumba, atasukuma mkokoteni, atakaanga mihogo kando ya barabara, huku akiendelea kutafuta nafasi bora kwa muda unaobaki. Fields aliiingiza shughuli hiyo katika hesabu. Akaongeza kwamba mtu anaweza kutafuta kazi ya mjini akiwa bado shambani, kupitia ndugu na jamaa, na kwamba waajiri humpendelea mwenye cheti hata pale ambapo kazi yenyewe haihitaji cheti.

Matokeo yake yalikuwa mawili, na yote yana uzito wa kisera. La kwanza, ukosefu wa ajira ulio wazi hutokea kuwa mdogo kuliko ule unaotabiriwa na Harris na Todaro. Sehemu kubwa ya tatizo hujificha ndani ya kazi zenye kipato duni. La pili linashangaza zaidi. Upanuzi wa elimu unaweza kupunguza msongamano mjini, kwa sababu asiye na cheti huona mapema kwamba mlango umefungwa, akabaki kwao. Kwa wapanga sera hiyo si faraja kamili: cheti kikitumika kuchuja watu tu, gharama ya kukitoa kwa umma inaweza kuzidi faida yake.

Ujumbe wa Shirika la Kazi Duniani uliofika Kenya mwaka 1972, ukiongozwa na Hans Singer na Richard Jolly, ulikuwa umekwisha kuelekea upande huohuo. Ripoti yake ilisema kwamba tatizo kubwa la nchi hiyo ni watu wanaofanya kazi kwa bidii na bado ni maskini, na ndiyo iliyoieneza duniani dhana ya sekta isiyo rasmi. Ilichukua miaka 20 hadi serikali ya Kenya itoe waraka wa bunge wa 1992 kuhusu biashara ndogo na jua kali. Leo takwimu rasmi za Kenya zinaonyesha kwamba zaidi ya asilimia 80 ya ajira, mbali na kilimo kidogo, imo katika sekta hiyo. Afrika Kusini ni kinyume chake: sekta isiyo rasmi ni finyu, na ukosefu wa ajira ulio wazi umepita asilimia 30. Sera iliyotungwa kwa ajili ya Johannesburg haifai kunakiliwa Nairobi au Kampala pasipo kuuliza kwanza ni aina gani ya tatizo lililopo.

Upande wa tofauti za kipato, mchango wa Fields haujulikani sana miongoni mwa wasomaji wa Kiswahili, ingawa pengine ndio wenye manufaa zaidi kwa mshauri wa serikali. Simon Kuznets alidai mwaka 1955 kwamba tofauti hizo huongezeka mwanzoni mwa ukuaji wa uchumi kisha hupungua. Fields alionyesha kwamba mkunjo huo unaweza kutokea bila mtu yeyote kudhulumiwa. Chukua watu 10, kila mmoja akipata 100. Usawa ni kamili, na umaskini pia ni kamili. Mmoja akipata kazi ya 300, tofauti zinazaliwa. Wa pili na wa tatu wakimfuata, kipimo cha Gini kinaendelea kupanda, hufikia kilele anapoajiriwa wa nne, kisha hushuka hadi wote 10 wapate 300. Katika njia nzima hakuna aliyepoteza hata senti. Hali ni tofauti kabisa ikiwa wale wachache wenye 300 wanapandishiwa hadi 500 na waliobaki wanaachwa na 100 zao. Hapo pia Gini hupanda, lakini hakuna hata mmoja aliyetoka katika umaskini. Namba moja inaficha historia mbili, na mwenye kusoma namba tu hawezi kuzitenganisha.

Tofauti hii ilimwingiza Fields katika ubishi mkali kuhusu Brazil. Albert Fishlow alikuwa ameonyesha mwaka 1972, kwa kutumia sensa za 1960 na 1970, kwamba pengo la kipato lilipanuka sana chini ya utawala wa kijeshi. Fields alirejea takwimu hizo mwaka 1977 akahitimisha kwamba maskini nao walishiriki katika ukuaji. Wakosoaji walimjibu kwamba sensa hizo hazilingani vya kutosha kubeba hitimisho hilo, na pingamizi lao lina nguvu. Tena, kumwambia mchuuzi kwamba hakupoteza kitu wakati jirani yake ameneemeka ni kupuuza kwamba kipato cha jirani hupandisha bei ya kodi ya nyumba na ya kiwanja. Fields anaitendea haki hesabu kuliko anavyoitendea haki siasa.

Hata hivyo swali lake, kwamba ni nani anayenufaika na kwa njia ipi, linafaa kuulizwa Uganda. Mpango wa Maendeleo ya Parishi uliozinduliwa mwaka 2022 unakusudia kuziingiza katika uchumi wa fedha kaya zinazolima kwa ajili ya chakula tu, ambazo serikali ilizikadiria wakati huo kuwa asilimia 39 ya kaya zote, kwa kupeleka shilingi milioni 100 za Uganda kwa kila parishi kila mwaka. Kwa mantiki ya hesabu ya 200 na 250, huo ni mpango wa ajira wa Kampala pia, japo hautajwi hivyo. Mwezi Januari mwaka huohuo wachuuzi waliondolewa katika barabara za jiji hilo. Sera ya kwanza inainua pato la yule anayeweza kuhama. Ya pili inashusha pato la yule aliyekwisha kuhama, na kwa kufanya hivyo nayo hupunguza mvuto wa mji. Hesabu ya msongamano hutoa jibu moja kwa zote mbili. Hesabu ya umaskini haitoi jibu moja.

Kuna pia suala la kipimo. Kwa kanuni za kimataifa, aliyefanya kazi ya malipo au ya faida hata kwa saa moja katika wiki ya uchunguzi huhesabiwa ameajiriwa. Ndiyo maana viwango vya ukosefu wa ajira katika nchi maskini huonekana vidogo. Tangu azimio la wanatakwimu wa kazi la mwaka 2013, anayelima kwa ajili ya chakula cha kaya yake hahesabiwi tena kuwa ameajiriwa. Wala hahesabiwi kuwa hana ajira, isipokuwa awe anatafuta kazi ya malipo na yuko tayari kuianza. Mwanamke wa kijijini anayeamka alfajiri kupalilia mtama wake sasa yuko nje ya soko la kazi, na mshauri anayefungua jedwali la ajira ili kumtafuta hatamwona katika safu yoyote kati ya hizo mbili.