Nani Amtanie Mama Mzazi?

Mtoto wa kiume akizaliwa Katumba Songwe, kwenye mashamba ya mpunga ya Kyela kando ya mto unaotenganisha Tanzania na Malawi, bibi yake anaweza kumpokea kama mume. Atamlalamikia kwamba amekuja mikono mitupu, halafu amgeukie mama mzazi na kumwambia ajue kuanzia leo wao ni wake wenza. Akizaliwa wa kike, babu naye kapata mchumba. Mama aliyekesha na kichanga anacheka huku kidonda cha uzazi kikimuuma, na wakati huo bibi keshamchukua mtoto kwenda kumwogesha.

Asiyeujua mwambao huu wa Ziwa Nyasa atadhani bibi ni mcheshi tu. Ukweli ni kwamba bibi ana kazi aliyopewa na ukoo. Godfrey na Monica Wilson, wanaanthropolojia walioishi Unyakyusa, nchi ya wenyeji wa Kyela, kati ya 1934 na 1938, waliona jinsi jamii hii ilivyopanga nani ataniane na nani, na nani amwepuke nani. Mke wa mwana alimwepuka baba mkwe kwa ukali mkubwa: hakumtazama, hakutamka jina lake, na walipokaribia kukutana njiani alijitenga. Upande wa pili, babu na bibi walikuwa huru kuchokozana na wajukuu, na vivyo hivyo mabinamu, watoto wa shangazi na wa mjomba. Mwaka 1940 mwanaanthropolojia A. R. Radcliffe-Brown alieleza kwa nini mambo haya mawili huenda pamoja. Ndoa huwaunganisha watu ambao bado wana sababu za kugombana, na ugomvi huo huzuiwa kwa njia mbili: kuwekeana heshima ya mbali, au kuruhusiana maneno ambayo mtu mwingine akiyasema ni matusi. Siku hizi nyumba nyingi zimelegeza masharti ya kuepukana. Utani umebaki, na mimi nafurahi kwamba ni huo uliobaki.

Nafurahi kwa sababu uzazi umejaa mambo ambayo mama hawezi kuyasema mwenyewe. Akisema mtoto amemchosha, ataambiwa hampendi. Akisema mumewe anakoroma wakati yeye anabadilisha nepi, ataambiwa analalamika. Bibi, au binamu mwenye haki ya utani, humsemea: “Huyu mwanao analia kama anadai watu!” Hapo uchovu umetajwa mbele ya wote, hakuna aliyelaumiwa, na mama amejua kwamba wenzake wameuona.

Sayansi ya kicheko inaafikiana na desturi hii. Robert Provine, mwanasaikolojia wa Marekani aliyewasikiliza watu wakicheka madukani na mitaani, aligundua kwamba mtu hucheka karibu mara 30 zaidi akiwa na wenzake kuliko akiwa peke yake, na kwamba vicheko vingi hufuata maneno ya kawaida kabisa, si vichekesho. Mwanasaikolojia Robin Dunbar na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba watu waliokwisha kucheka pamoja huvumilia maumivu zaidi kuliko kabla ya kucheka. Kwa hiyo tunapomshauri mama “achukulie mambo kwa ucheshi” tunamtwisha peke yake kazi inayohitaji watu wawili au zaidi.

Sasa mfuate binti wa Kyela aliyeolewa Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka kwao. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika mkoa huo, na kati ya wote hao huenda asiwepo hata mmoja mwenye wajibu wa kumtania. Mumewe anatoka alfajiri. Chumba ni kimoja, joto ni kali, na kichekesho kilichopo ni cha kwenye simu, kimetengenezewa watu wasiomjua yeye wala mtoto wake.

Hata hivyo jiji lina utani wake. Ule wa makabila, ambao R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege wa Amani, Usambara, aliuandikia makala katika miaka ya 1940, uliwaunganisha watu waliopigana vita au kukutana katika misafara ya biashara, na bado unasikika ofisini na misibani. Kwenye daladala konda atapaza sauti: “Mpisheni mama, mgongoni kuna bosi hajalipa nauli!” Abiria wanacheka, kiti kinapatikana. Lakini konda hana deni lolote kwa mama huyo. Mtani wa kweli analo: anayekucheka leo ndiye atakayekutekea maji kesho na kuchimba kaburi siku ya msiba. Ndiyo maana maneno kama “mbona tumbo halijarudi?” humchoma mama yakitoka kwa mtu asiyewahi kumshikia mtoto hata dakika moja.

Ushauri wangu kwa familia ni kumpigia bibi simu ya video saa ya kumwogesha mtoto, wakati kuna kitu cha kutazama na kusema, badala ya kusubiri usiku mtoto amelala. Na wanaoishi nyumba za kupanga zenye ua mmoja wanaye mtani jirani, mradi aanze kwa kufua nepi ndipo atanie.

Lakini utani hautibu sonona. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mama mmoja kati ya watano hupata tatizo la afya ya akili baada ya kujifungua, na mara nyingi ni sonona. Mtani wa karibu anaweza kuwa wa kwanza kuigundua, kwa kuwa ameuliza habari za “mume” wake na mama hakumrudishia neno. Hilo likijirudia, au huzuni ikipita wiki mbili, aache mzaha, ambebee mtoto, na waende pamoja kliniki.