Madeni ya Oktoba

Katika NBA, ligi ya kikapu ya Marekani, kila timu hucheza michezo 82 kabla ya kufika hatua ya mtoano. Kwa hesabu hiyo, mchezo wa kwanza wa mwishoni mwa Oktoba hauna uzito kuupita ule wa Jumanne yoyote ya Januari. Bingwa atajulikana Juni. Makocha bado wanatafuta kikosi, wachezaji wengine bado wanajipasha misuli, na timu inayoanza kwa kufungwa mara tatu mfululizo inaweza kabisa kumaliza ikiwa juu. Pamoja na hayo, hiyo ndiyo wiki ambayo magazeti, televisheni na vijiwe vya mashabiki huchangamka kuliko miezi mingi itakayofuata. Ukiyasikiliza vizuri yanayozungumzwa, utaona mengi si ya msimu unaoanza. Ni ya misimu iliyopita: nani aliondoka vibaya, nani amerudi, mji gani haujaonja ubingwa tangu lini, jezi ipi ya zamani imetolewa kabatini.

Maelezo mepesi yapo: matokeo hayajapatikana, basi watu hujaza pengo kwa hadithi. Ni kweli, ila haitoshi, maana zipo hadithi zinazopigiwa debe wiki nzima na kusahaulika kabla ya Krismasi, na zipo zinazodumu miaka kumi. Kinachozitenganisha, kwa maoni yangu, ni deni. Kumbukumbu inayoupa msimu mpya uzito ni ya jambo lililoachwa njiani: ubingwa uliokaribia ukaponyoka, mchezaji aliyeondoka huku bado anahitajika, mji ulionyang'anywa timu yake. Kumbukumbu ya sifa zilizokwisha kutimia hupendeza na huuza tiketi, lakini haimdai mtu yeyote. Mashabiki wa Simba na Yanga hawahitaji kufundishwa hili. Agosti inapofika, kwenye Simba Day na Wiki ya Mwananchi, makombe ya zamani hutajwa kwa heshima. Kinachowasha mabishano ni kipigo ambacho hakijalipwa.

Usiku wa tarehe 21 Oktoba 2025 ni ushahidi mzuri. Oklahoma City Thunder, mabingwa watetezi, walikabidhiwa pete zao za ubingwa mbele ya mashabiki wao, kisha wakacheza na Houston Rockets. Katika kikosi cha Houston alikuwemo Kevin Durant, na huo ulikuwa mchezo wake wa kwanza wa ligi na timu hiyo. Durant aliichezea Oklahoma City misimu minane, akawa mchezaji bora wa ligi mwaka 2014. Mwaka 2016 timu hiyo iliongoza fainali ya kanda kwa michezo mitatu kwa mmoja dhidi ya Golden State Warriors, ikapinduliwa na kutolewa. Wiki chache baadaye Durant akahamia kwa Warriors haohao, na huko akatwaa ubingwa mara mbili. Sasa yuko tena Oklahoma, usiku wa pete ambazo si zake. Mchezo ulikwenda mpaka muda wa nyongeza wa pili. Zikiwa zimebaki sekunde mbili na ushei, Durant alimchezea Shai Gilgeous-Alexander faulo, ikawa faulo yake ya sita, akatoka nje. Gilgeous-Alexander akafunga mitupo huru yote miwili na Thunder wakashinda 125 kwa 124. Mwandishi wa tamthilia angeleta mwisho huo angeambiwa amezidisha. Na lau faulo ile ingefanywa na mwingine, ungebaki kuwa mchezo mkali wa kufungulia msimu, basi.

Deni la Durant, hata hivyo, ni dogo likilinganishwa na lililo chini yake. Timu iliyomleta kwenye ligi mwaka 2007 haikuwa Oklahoma City. Ilikuwa Seattle SuperSonics, iliyoanzishwa 1967 na kutwaa ubingwa 1979. Mwaka 2006 kundi la wamiliki lililoongozwa na Howard Schultz, mtu wa kahawa ya Starbucks, liliiuza kwa wafanyabiashara wa Oklahoma waliokuwa chini ya Clay Bennett. Wanunuzi walitaka ukumbi mpya ujengwe kwa msaada wa fedha za umma, haukujengwa. Mwaka 2008 mji ulipokea dola milioni 45 ili mkataba wa ukumbi wa zamani uvunjwe, na timu ikahama na wachezaji wake. Durant alikuwa amemaliza msimu mmoja tu Seattle na kutunukiwa tuzo ya mchezaji bora miongoni mwa wapya. Jina, rangi za kijani na dhahabu, na kombe la 1979 havikuhama. Kwa hiyo, pete za 2025 zilipogawiwa, zilikuwa za ubingwa wa kwanza tangu timu ihamie Oklahoma, na mji ulioizaa haukuwa na namna ya kuuita wake. Miaka saba kabla ya hapo, Oktoba 2018, Warriors walicheza mchezo wa maandalizi Seattle, na Durant akatokea mbele ya watu amevaa jezi ya Shawn Kemp, nyota wa Sonics wa miaka ya 1990. Ukumbi ulilipuka kwa shangwe. Mchezo wenyewe haukuhesabiwa popote kwenye msimamo.

Kuna atakayesema kwamba hapo kinachofanya kazi ni umaarufu wa mchezaji, wala si deni. Basi tuweke marejeo mawili ya watu maarufu kabisa kando kwa kando. Oktoba 2001 Michael Jordan alirudi uwanjani akiwa na miaka 38, safari hii na Washington Wizards. Mchezo wa kwanza ulikuwa New York dhidi ya Knicks: alipata pointi 19, akakosa mitupo 14 kati ya 21, Wizards wakafungwa 93 kwa 91. Oktoba 2014 LeBron James alirudi Cleveland, jirani na Akron alikozaliwa, mji aliouacha mwaka 2010 kwa tangazo la televisheni lililowafanya baadhi ya mashabiki wachome jezi zake. Naye alianza vibaya, na tena mbele ya Knicks: pointi 17, akapoteza mpira mara nane, Cleveland ikafungwa 95 kwa 90. Kwa usiku mmoja hadithi hizo zinafanana kama mapacha. Baada ya hapo zikaachana. Jordan alijaza ukumbi wa Washington kwa misimu miwili, na kwa misimu yote miwili timu haikufika hatua ya mtoano. Yeye hakuwa na deni kwa mji ule, wala mji haukumdai. Cleveland ilikuwa haijapata ubingwa wa mchezo wowote mkubwa tangu 1964, na James, alipotangaza kurudi, alisema jambo kubwa kwake ni kuleta kombe moja nyumbani. Mwaka 2015 walifika fainali wakashindwa. Juni 2016 wakawa nyuma kwa michezo mitatu kwa mmoja mbele ya Warriors, walewale waliotoka kuipindua Oklahoma kwa mtindo huohuo, wakashinda mitatu iliyobaki. Hakuna timu iliyokuwa imewahi kufanya hivyo katika fainali za NBA. Mchezo ule wa kwanza uliopotea mwaka 2014 unakumbukwa leo kwa sababu ya lile kombe.

Pingamizi zito zaidi ni la fedha. Chicago Bulls walitwaa ubingwa mara sita kati ya 1991 na 1998. Kikosi kikasambaratishwa, na msimu uliofuata, uliofupishwa kuwa michezo 50 kwa sababu ya mgogoro wa wamiliki na wachezaji, walishinda 13 tu. Tangu hapo mpaka msimu wa 2025 unaanza hawajagusa fainali. Lakini ukumbi wao hujaa, mara nyingi kuliko kumbi za timu bora kuwashinda. Televisheni nazo zimelijua soko hilo. Kituo cha NBC kilirusha NBA kuanzia 1990 hadi 2002, yaani ubingwa wote sita wa Jordan ulipita kwenye kamera zake. Kiliporudi Oktoba 2025, chini ya mkataba wa miaka 11 ambao ligi ilisaini na makampuni matatu kwa takriban dola bilioni 76, kilirudi na muziki wake uleule wa kufungulia matangazo, uliotungwa na John Tesh, na Jordan mwenyewe akiwa mchangiaji. Kama zilipendwa zinalipa kiasi hicho, deni linahitajika la nini?

Ni kweli zinalipa, na asiyekubali hilo hajui biashara ya michezo. Ila hapa tunazungumzia kitu kingine: kinachomfanya mtu aufuate msimu. Muziki wa NBC humrudisha mtu sebuleni kwa wazazi wake kwa nusu dakika, kisha mchezo unaanza na yeye anatazama wachezaji ambao muziki ule hauwahusu. Huko Chicago fahari ya miaka ya 1990 imekuwa mto wa kulalia. Mmiliki mwenye uhakika kwamba viti vitajaa hana sababu ya haraka ya kujenga timu, na shabiki aliyekwenda kuangalia mabango sita yaliyoning'inia darini anarudi nyumbani bila swali la kuulizia wiki ijayo. Knicks ni kinyume chake. Walikuwa hawajatwaa ubingwa tangu 1973, na kila Oktoba mji mzima wa New York uliuliza swali moja kwa hasira, kiasi kwamba mwaka 2025, baada ya kufika fainali ya kanda kwa mara ya kwanza tangu 2000, klabu ilimfukuza kocha aliyeifikisha pale. Unaweza kuona ni uonevu. Kwamba kumbukumbu ilikuwa inasukuma maamuzi, huwezi kukataa.

Charlotte inafundisha jambo jingine, kwamba kumbukumbu ya timu si mali ya mmiliki peke yake. Hornets walianza huko 1988, na miaka ya mwanzo mji ule mdogo uliongoza ligi nzima kwa idadi ya watazamaji. Mwaka 2002 mmiliki, aliyekuwa amegombana na mji, aliihamishia timu New Orleans pamoja na jina lake. Ligi ikaipa Charlotte timu mpya mwaka 2004, Bobcats, iliyokuwa na kila kitu isipokuwa historia. Msimu wa 2011–12 ilishinda michezo 7 na kufungwa 59, uwiano mbaya kuliko wote katika historia ya ligi. Kijana wa Lubumbashi, Bismack Biyombo, aliyekuwa kwenye mwaka wake wa kwanza, aliyaona yote hayo kutoka ndani. New Orleans walipojiita Pelicans mwaka 2013, Charlotte wakaliomba jina lao, na mwaka 2014 likarudi, pamoja na rekodi za 1988 hadi 2002, ambazo ziliondolewa New Orleans na kuandikwa upya kwa mji uliozishuhudia. Sijui ligi nyingine ambako rekodi rasmi zimefungashwa na kurejeshwa kwa wenyewe namna hiyo.

Kuhusu madai kwamba kumbukumbu hudanganya, sina ubishi mrefu. Wanasaikolojia wameonyesha kuwa watu wazima hukumbuka kwa wingi mambo ya ujana wao, ndiyo maana kila kizazi huapa kwamba kikapu cha kweli kilichezwa wakati wao. Anayesifia mwisho wa miaka ya 1990 husahau kwamba msimu wa 1998–99 timu zilipata wastani wa chini ya pointi 92 kwa mchezo, na michezo mingi ilikuwa ya kuchosha kutazama. Lakini uongo wa namna hii huharibu zaidi kumbukumbu za sifa. Deni lina tarehe na matokeo. Cleveland hawakuhitaji kupamba mwaka 1964, na Seattle hawahitaji kuutia chumvi mwaka 2008.

Linabaki swali la shabiki wa huku kwetu, ambaye mchezo wa kufungulia msimu humfikia saa nane na nusu usiku na ambaye 1979 haimhusu. Naye ana njia zake za kuingia. Mwaka 1994 Seattle waliongoza kanda yao kwa ushindi 63, wakatolewa na Denver walioshika nafasi ya nane, jambo ambalo lilikuwa halijawahi kutokea. Aliyelala sakafuni mwishoni, mpira ameukumbatia kwa mikono miwili, alikuwa Dikembe Mutombo wa Kinshasa. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024, wiki tatu kabla ya msimu kuanza. Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam alichaguliwa wa pili mwaka 2009, mbele ya James Harden na Stephen Curry, na akapitia Oklahoma City enzi za Durant. Kwa Wamarekani jina lake ni mfano wa uchaguzi uliokosewa, na kwa takwimu hawajakosea. Kwa Mtanzania, mlango aliopita Thabeet bado haujapitiwa na mwingine kwa nafasi ya juu kiasi kile, na hilo nalo ni deni linalosubiri mtu.

Ligi imekuwa ikizungumzia kuongeza timu, na Seattle haikosi kutajwa. Siku timu hiyo itakaporudi kutakuwa na ubishi mwingi kuhusu bei, ukumbi na nembo. Yote hayo ni ya wanasheria. Wapanga ratiba wana kazi moja tu: mchezo wa kwanza uwe dhidi ya Oklahoma City, na uchezwe Seattle.