Unga wa kijivu kwenye nyasi za nyumbani si ugonjwa

MVUA za masika zinapopungua na jua kuanza kuchomoza, mwenye nyumba aliyepanda ukoka uani anaweza kukutana na jambo la kustaajabisha. Nyasi zilizokuwa za kijani jioni huonekana asubuhi zina madoa meupe, ya manjano au ya kijivu, mithili ya jivu lililomwagwa na mtu. Wengi hudhani ni ugonjwa, na safari ya kwanza huwa ya kwenda duka la pembejeo kununua dawa ya ukungu.

Fedha hiyo hupotea bure. Kilichojitokeza ni kiumbe kinachoweza kuitwa ukungu wa ute, ingawa jina hilo nalo linapotosha. Kwa muda mrefu wanasayansi walikihesabu pamoja na uyoga na kuvu kwa kuwa hutawanya vumbi la uzazi kama wao, lakini sasa inafahamika kuwa ni jamaa wa amiba. Sehemu kubwa ya maisha yake hukaa chini, kwenye udongo na majani yanayooza, kikila bakteria. Wakati wa kuzaa ukifika, hutambaa hadi juu ya majani ya nyasi, penye hewa, na kugeuka vifuko vidogo vilivyojaa vumbi hilo. Nyasi kwake ni ngazi tu, wala si chakula.

Hofu juu ya kiumbe hiki si ya hapa peke yake. Mwaka 1973, katika viunga vya mji wa Dallas nchini Marekani, bonge la manjano lilitokea uani na kukua siku hadi siku, na watu wakaingiwa na taharuki. Ilibainika baadaye kuwa ni ukungu wa ute wa aina ya Fuligo septica, ambao hupenda maganda ya miti na vipande vya mbao. Jamaa yake mwingine alipata sifa njema zaidi: mwaka 2000 watafiti wa Japani wakiongozwa na Toshiyuki Nakagaki walionyesha kuwa, ingawa hana ubongo, anaweza kuipata njia fupi kuliko zote kati ya vyakula viwili ndani ya vichochoro vya majaribio.

Kwa Watanzania kuna sababu ya ziada ya kuchanganya mambo. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanaufahamu vizuri ubwiri unga, ambao ni kuvu halisi inayonyonya maua na majani machanga, na hudhibitiwa kwa salfa. Anayeujua ugonjwa huo, akiona unga juu ya ukoka, si ajabu akaiwazia salfa.

Kipimo ni rahisi. Pangusa jani kwa kidole: unga ukitoka wote na jani likabaki zima na la kijani, huo ni ukungu wa ute. Jani likiwa na vidonda, mabaka ya kahawia au vipele vya rangi ya kutu vinavyochipuka kutoka ndani, hilo ni suala jingine na inafaa aitwe mtaalamu wa kilimo.

Tiba yenyewe ni reki au ufagio wa chelewa. Kukata nyasi pia huviondoa vifuko, na siku za ukavu mpira wa maji wenye nguvu hutosha. Asiyetaka kujisumbua anaweza kuuacha. Kwa kawaida hutoweka wenyewe katika wiki moja au mbili, na hasara kubwa ni majani machache kufifia kwa kukosa mwanga. Kunyunyiza sumu kwenye uwanja ambao watoto huchezea na kuku hudonoa, kwa ajili ya kitu kinachofagilika, ni hatari isiyo na faida.

Tahadhari moja tu inastahili kuzingatiwa. Vumbi likishakauka huruka kirahisi, hivyo mwenye pumu au mzio asipewe kazi ya kulifagia. Na anayefagia ni vema afunike pua na mdomo kwa kitambaa.

Madoa huweza kurudi mahali palepale mvua nyingine zikija. Yakirudi kila mara, pachunguzwe: huenda maji yanatuama, au nyasi zilizokatwa zimeachwa zikarundikana na kuoza. Kuziondoa na kufungua njia ya maji hukipunguzia kiumbe hicho chakula na unyevu.